Bega likigoma, sindano si jibu la kila siku

Ndugu msomaji, hebu fanya jambo dogo kabla hujaendelea. Weka gazeti chini, simama wima, uinue mikono yote miwili juu ya kichwa kama mtu anayesalimu amri. Kisha peleka mkono mmoja nyuma ya mgongo, uone kidole gumba kinafika wapi. Badilisha mkono. Ikiwa yote miwili imefika mahali pamoja bila wewe kukunja uso, shukuru, na makala haya mpe mtu mwingine wa nyumbani kwako, kwa maana hakosi mmoja anayeyahitaji. Ikiwa mkono mmoja umekwama njiani, tuendelee pamoja.

Hawa ninawaona kila wiki. Yuko mama asiyeweza kujifunga sidiria wala kumsuka bintiye. Yuko fundi wa rangi ambaye brashi haipandi tena juu ya dirisha. Yuko mzee wa makamo ambaye pochi iko mfuko wa nyuma na nauli inadaiwa, naye mkono haufiki. Aghalabu wanapofika kwangu wameshapitia duka la dawa mara tatu au nne, na wengine wameshakandwa na mtu fulani aliyewahakikishia kwamba ni mshipa uliojikunja.

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kitengela, mwanamke wa miaka 51. Bega la kulia lilikuwa likimuuma, hasa usiku. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpa diklofenaki ya siku saba na mafuta ya kuchua. Baada ya wiki tatu alirudi, nikaagiza achomwe sindano. Aliporudi tena nikampeleka eksirei, picha ikatoka safi, nami nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona haya: "Mwalimu, mfupa hauna kitu, huo ni uchovu tu." Katika safari zote hizo sikumwambia hata mara moja ainue mkono nikamtazama.

Mara ya nne ni muuguzi wetu aliyenivuta kando akaniuliza, "Daktari, huyu mwalimu amepimwa sukari?" Hakuwa amepimwa. Tulipompima asubuhi kabla hajala, kipimo kilisoma 14. Nilipomwomba ainue mkono, uliishia usawa wa bega, tena kwa kuinamisha mwili upande. Miezi mitano ilikuwa imepita. Ubaoni alikuwa akiandikiwa na watoto wa darasa la sita. Kosa lilikuwa langu, si la foleni.

Ugonjwa wake huitwa bega lililoganda. Jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, Ernest Codman, ambaye mwenyewe alikiri kwamba ni maradhi magumu kuyaeleza na magumu kuyatibu. Kiungo cha bega kimekaa kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Kisahani ni kidogo, chungwa ni kubwa, na ndiyo maana mkono wako unaweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kinachozunguka chungwa hilo lisianguke ni mfuko wa utando laini. Katika ugonjwa huu mfuko huo huvimba, huwa mnene, kisha hunywea kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto. Mfupa hauna kasoro, kwa hivyo picha ya eksirei hutoka safi, na daktari mwenye haraka humwambia mgonjwa hana kitu.

Maradhi haya huwashika zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume. Huanza kwa maumivu makali ya usiku kwa miezi kadhaa. Baadaye maumivu hupungua lakini bega hukaza. Mwisho hulegea polepole. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na si wote wanaomaliza wakiwa wamepona kabisa. Wengine hubaki na ukakamavu kidogo.

Sasa sikiliza sana hapa. Miongoni mwa watu 100 wa kawaida, wawili hadi watano hupatwa na bega lililoganda wakati fulani maishani. Miongoni mwa watu 100 wenye kisukari, ni 10 hadi 20. Baadhi ya watu hujua kuwa wana kisukari kwa mara ya kwanza kwa sababu ya bega. Magonjwa ya tezi ya koo pia huandamana nalo. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sijali ukinukuliwa: mtu yeyote aliyevuka miaka 40 akaja na bega lililokaza bila ya kuanguka wala kuumia, asitoke mlangoni kabla ya kupimwa sukari. Ni tone moja la damu kidoleni. Daktari akisahau, mkumbushe. Hatakasirika, na akikasirika tafuta mwingine.

Si kila bega linaloma limeganda, hata hivyo. Maumivu mengi ya bega hutokana na kano, yaani zile kamba zinazoshikanisha misuli na mfupa, ambazo huchoka kwa umri na kwa kazi za kuinua mikono. Tofauti unaweza kuipima nyumbani. Simama, kiwiko kibane ubavuni, mkono wa mbele ukiwa umeelekea mbele kama mtu aliyebeba sinia. Ukiwa umebana kiwiko vivyo hivyo, peleka kiganja nje upande, kama mlango unaofunguka. Kisha mwambie mtu wa nyumbani akusaidie, taratibu, bila nguvu. Ikiwa mkono hauendi kwako wala kwake, na ule mwingine unakwenda vizuri, yamkini kiungo chenyewe kimekaza. Ikiwa kwako hauendi lakini kwake unakwenda, tatizo huenda ni kano au udhaifu wa misuli. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na mimi nilikosa kumfanyia mwalimu mara tatu.

Sasa tuje kwenye matibabu, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu.

Desturi yetu ni kumwandikia mgonjwa kikaratasi cha fiziotherapia, mara mbili kwa wiki, wiki sita. Karatasini inapendeza. Lakini fanya hesabu. Safari 12 kutoka Kitengela hadi katikati ya jiji, tuseme nauli ni shilingi 300 kwenda na kurudi, ni shilingi 3,600 kabla hujamlipa mtu yeyote, na kila safari inakula nusu siku ya kazi. Isitoshe, matatu yenyewe ni adui wa bega: unashikilia chuma juu, dereva anafunga breki, unalia machozi. Wengi huenda mara mbili wakakoma. Kisha tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakufuata maagizo.

Mimi nilifundishwa njia nyingine na shida. Mnamo Aprili 6, 2020 serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona, nilikuwa na mgonjwa wa Naivasha aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza mazoezi ya bega. Hakuweza kuja. Mtaalamu wake wa fiziotherapia akaamua kumpigia simu ya video kila Jumanne jioni. Njia zilipofunguliwa Julai, nilitarajia kuona bega lililorudi nyuma. Likawa limekwenda mbele kuliko ya wale waliokuwa wakija wenyewe mwaka uliotangulia. Mgonjwa mmoja si ushahidi, najua. Lakini alinifanya nijiulize: kumbe kinachoponya ni kitanda cha kliniki, au ni yale mambo anayoyafanya mtu nyumbani siku sita nyingine?

Utafiti mmoja wa Uingereza unaoitwa GRASP, uliochapishwa mwaka 2021, ulinisaidia kujibu. Watu 708 wenye maumivu ya kano za bega waligawanywa. Baadhi walionana na mtaalamu hadi mara sita kwa mazoezi ya kuongezwa nguvu hatua kwa hatua. Wengine walionana naye mara moja tu, wakapewa maelezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti baina yao. Sindano ya steroidi nayo haikuleta faida ya kudumu. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kupasuliwa ili kuipa kano nafasi chini ya mfupa hakukuwa na faida ya maana kuliko upasuaji wa uongo ambapo daktari alichungulia tu bila kukata.

Wala nguvu si jibu. Huko Uholanzi wagonjwa 77 wa bega lililoganda walifuatwa kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliofanya mazoezi ya upole, ndani ya mpaka wa maumivu, walipona vizuri zaidi kuliko waliovutwa na kunyooshwa kwa bidii. Kwa hivyo yule jamaa wa mtaani anayekuwekea goti kwapani na kuvuta hakusaidii, hata kama jirani amemsifu.

Sisemi simu inatosha. Mara ya kwanza lazima mtu mwenye ujuzi akuone ana kwa ana, akuguse, apime sukari na aondoe shaka ya maradhi mengine. Baada ya hapo, kwa wagonjwa wengi wa bega, simu inatosha, na pengine inafaa zaidi, kwa sababu mtaalamu anakuona chumbani mwako, na kiti chako, na mto wako, na ile rafu ya jikoni iliyo juu mno.

Mwalimu wangu alionana na mtaalamu mara moja, kisha akaendelea kwa simu. Nikueleze jinsi inavyokwenda. Weka simu juu ya kigoda au rafu, urefu wa kifua, wewe urudi nyuma hatua tatu. Mwanga wa dirisha uwe mbele yako, usiwe mgongoni, la sivyo mtaalamu ataona kivuli. Vaa kitu kisichoficha mabega. Ikiwa dini au haya yako haikuruhusu, nguo nyepesi ya mikono yatosha, na una haki ya kuomba mtaalamu wa kike na kuwa na mtu wako chumbani. Kama bando limekwisha au simu yako ni kabambe isiyo na kamera, usikate tamaa. Simu ya sauti pia hufaa, mradi uwe na vipimo vya kusoma.

Kipimo chenyewe ni penseli. Simama ukielekea ukuta, pandisha vidole ukutani kama buibui hadi pale bega linapokataa, mtu akutilie alama na tarehe. Fanya hivyo kila Jumapili. Kwa nyuma, taja kidole gumba kimefika wapi: matakoni, kiunoni, au kwenye ukanda wa sidiria. Mtaalamu akisikia "sentimita tatu juu ya wiki jana" ameelewa kuliko akisikia "naona afadhali".

Mazoezi ya mwalimu yalikuwa manne. La kwanza hubeba jina la yule yule Codman. Inama mbele, mkono mzima ushike meza, mkono mgonjwa uning'inie kama timazi ya mwashi. Kwa kuyumbisha mwili, si kwa nguvu ya mkono, uache ucheze mbele na nyuma, kisha duara ndogo, dakika mbili, mara tatu kwa siku. La pili, lala chali, shika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima uupandishe ule mgonjwa kuelekea kichwani mara kumi. La tatu ni ule mlango unaofunguka: kiwiko ubavuni, mpini huo huo uusukume mkono mgonjwa kwenda nje. Hilo ndilo watu hulichukia, na ndilo lenye kazi kubwa zaidi kwa bega lililoganda. La nne ni leso nyuma ya mgongo kama mtu anayejikausha baada ya kuoga, mkono mzima juu ukivuta taratibu. Hili la nne alingoja hadi maumivu ya usiku yalipopungua, na wewe ungoje hivyo hivyo.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Yakiisha ndani ya saa moja hivi, uko sawa. Yakikuamsha usiku huo, umezidisha, kesho fanya nusu. Usiufunge mkono shingoni kwa kitambaa siku nzima, maana bega lisilotumika hukaza zaidi. Usiku lala chali au kwa upande mzima, ukumbatie mto ili mkono usianguke mbele. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo husaidia kabla ya mazoezi, ila mwenye kisukari aliyepoteza hisia kwenye ngozi aangalie asijichome.

Kuhusu dawa, parasetamoli au dawa nyingine ya muda mfupi ili upate usingizi na uweze kufanya mazoezi sikatazi. Ninachokataza ni diklofenaki ya miezi. Huumiza tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huharibu figo, na mwenye kisukari figo zake tayari zina kazi. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo ina nafasi yake, hasa miezi ya kwanza ya bega lililoganda maumivu yanapokuwa makali. Lakini ujue kwamba hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Usiikubali kabla ya kumweleza anayekuchoma kwamba una kisukari. Ile sindano ya makalio niliyoagiza mimi haikuwa hii, ilikuwa ya kutuliza mgonjwa aondoke.

Kuna mabega ambayo hayangojei simu wala penseli. Maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi huenda ni moyo, kimbilia hospitali sasa hivi. Mwanamke aliyekosa hedhi, ana maumivu ya tumbo na ncha ya bega inamuuma, huenda ana mimba iliyotunga nje ya kizazi na anavuja damu ndani. Huyo naye asingojee asubuhi. Bega lililovimba, lenye joto, pamoja na homa; bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka; mkono ulioisha nguvu ghafla au uliokufa ganzi; kukonda, kikohozi kisichokwisha, au uvimbe unaokua: hayo yote yanataka kuonwa na kuguswa, tena mapema.

Nina ugomvi mdogo na wenye bima. Mgonjwa wangu mmoja aliambiwa na kampuni yake kwamba italipia vikao vya fiziotherapia akienda mwenyewe na kutia saini, lakini kikao kwa simu "si matibabu". Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeitambua tiba ya mbali katika nchi hii. Je, wao wanangoja nini? Kikao cha simu hakina kodi ya chumba wala nusu siku ya kazi iliyopotea. SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na kampuni za kibinafsi zingefaa kuwaita wataalamu wa fiziotherapia mezani na kukubaliana bei. Nanyi wataalamu msikubali kulipwa vijisenti eti kwa sababu hamkuugusa mgonjwa. Akili ndiyo inayolipiwa.

Nawe msomaji, kabla ya kulipa mtu wa kwenye simu, muulize nambari yake ya usajili katika Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Nchi ina sheria ya wataalamu hao tangu 2014. Video za mtandaoni za watu wanaovunjisha shingo za wenzao kwa mlio zina watazamaji wengi, lakini mlio haujafungua bega lililoganda.

Mwalimu alichukua miezi 13. Alama za penseli zilipanda ukuta wa sebule hadi mwenye nyumba akauliza ni nini hicho, akaelezwa, naye akaomba aonyeshwe lile la timazi kwa sababu ya bega lake. Sukari ilishuka kwa dawa na kwa kupunguza chai yenye vijiko vitatu. Ubao akaurudia, ingawa mstari wa juu kabisa bado huandika kwa kunyanyua visigino.

Mwezi uliopita alipiga simu tena. Bega la kushoto limeanza kumuuma usiku. Hutokea: baadhi ya walioganda upande mmoja huganda wa pili baada ya miaka. Nilimwambia aje kesho yake asubuhi kabla ya kunywa chai. Alipoingia nilimwomba ainue mikono yote miwili hata kabla hajaketi.